Makaratasi ya Buha yako Brussels: ushauri kwa mtafiti chipukizi wa Kasulu na Kibondo

Julai 1916 jeshi la Ubelgiji kutoka Kongo liliiteka Kigoma, na Septemba likaingia Tabora. Tangu hapo hadi Machi 1921 Buha ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, ndipo Waingereza wakakabidhiwa. Wajerumani walikuwa wamewatangulia wote. Mha aliyezaliwa Heru mwaka 1890 alikuwa ameshatawaliwa na mataifa matatu ya Ulaya kabla hajatimiza miaka 35, bila kuhama kijijini kwake.

Kila mtawala alikuwa na makaratasi yake, na mengi yaliondoka naye. Mafaili ya Wajerumani yaliyobaki Dar es Salaam yamo Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Yale ya wizara ya makoloni yako Berlin. Ya Wabelgiji yako Brussels, na ya Waingereza yamegawanyika kati ya Dar es Salaam, London na Oxford. Mapadre Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879, walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila kituo, na hazina yao kuu ya nyaraka iko Roma.

Nayasema haya kwa sababu vijana wengi wa Kasulu na Kibondo wenye shahada ya kwanza au ya uzamili wakisikia neno "masomo ya Ulaya" hudhani ni jambo la watu wa Paris na Berlin. Hudhani mtu wa huku akiomba fedha za utafiti huo atakuwa anadandia gari la wenzake. Ni kinyume chake. Ulaya ilifika Buha, ikaandika habari zake, ikaondoka na maandishi. Anayeweza kuyasoma akiwa anakijua Kiha, anajua nani alikuwa Mwami wa wapi, na anatambua jina la mlima lililoandikwa kwa makosa na afisa wa Kijerumani, ni wewe. Profesa wa Leiden hawezi kukushinda hapo.

Na si historia tu. Kambi ya Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na ile ya Nduta, Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipomiminika, zimeendeshwa kwa fedha ambazo sehemu yake inatoka katika mfuko wa misaada ya kibinadamu wa Umoja wa Ulaya. Shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel, limefanya kazi Kigoma kwa miaka, ukiwemo mradi wa kilimo wa SAKiRP uliohusu maharage na mihogo. Wabelgiji walewale, miaka mia moja baadaye, wamerudi na mbegu. Mtafiti wa masomo ya Ulaya anayekaa Kasulu ana mada mlangoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote: usianze na orodha ya ufadhili. Makundi ya WhatsApp yanarusha matangazo 20 kwa siku, na kijana anakesha akijaza fomu za kila kitu, kuanzia uvuvi hadi akili mnemba. Anza na swali. Fedha za Ulaya za utafiti hutolewa kwa ushindani mkali, na wasomaji wa maandiko ya maombi hawatafuti mtu mhitaji. Wanatafuta swali ambalo likijibiwa watu watajua jambo wasilolijua, na mtu ambaye ndiye anayefaa kulijibu.

Tuchukue mfano. Kichwa cha namna hii nimekiona mara nyingi: "Mchango wa Umoja wa Ulaya katika maendeleo ya Afrika Mashariki." Hakuna atakayekupa hata nauli kwa kichwa hicho. Hakina mahali, hakina muda, na jibu lake linajulikana kabla ya kazi kuanza: mchango upo, changamoto zipo, serikali ishirikiane na wadau. Sasa kilete Makere, kando ya Nyarugusu. "Mipango ya misaada ya Umoja wa Ulaya kwa Nyarugusu iliwahesabuje wanavijiji wa Makere wanaoishi nje ya kambi, na wao waliielewaje misaada hiyo?" Hapo kuna mahali, kuna pande mbili, kuna nyaraka za kusoma Brussels na watu wa kuhojiwa Makere. Kuna pia kutokujua, maana hata wewe hujui jibu. Au ukipenda historia: utawala wa Kiingereza uliandikaje juu ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeitawala Heru kuanzia 1946, na wazee wa Heru Juu wanasimuliaje mambo hayohayo? Au uchumi wa siasa: kwa nini Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya mwaka 2016, wakati Kenya ilitia saini wake Desemba 2023 na ukaanza kutumika Julai 2024? Wakulima wa kahawa wa Kigoma wamo wapi katika hesabu hizo?

Swali likishapatikana, jipime kama unaweza kuanza kulijibu ukiwa nyumbani. Hapa teknolojia imetusaidia kweli. Mafaili mengi ya wizara ya makoloni ya Ujerumani, yanayotambulika kwa namba R 1001 katika Hifadhi ya Shirikisho huko Berlin, yamewekwa mtandaoni na hayalipiwi. Gazeti la walowezi wa Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililochapwa kuanzia 1899 hadi vita vilipolifunga, nalo linasomeka mtandaoni. Ugumu ni lugha na mwandiko. Barua nyingi za zamani ziko katika mwandiko wa Kijerumani uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo humtoa jasho. Unajifunzika, na kuna programu kama Transkribus zinazosaidia kuusoma. Kijerumani chenyewe kina kozi ya bure ya Deutsche Welle mtandaoni. Mtu anayeandika katika andiko lake, "nimesoma mafaili mawili ya R 1001 yanayoitaja Ujiji, na haya ndiyo niliyoyakuta," ameshawapita wengi wanaoahidi tu kwamba watakwenda kusoma.

Kifaransa nacho msikidharau. Mha anamwelewa Mrundi bila shida, na mpakani, pande za Manyovu na Mabamba, maneno ya Kifaransa yanapita sokoni pamoja na bidhaa. Kuna watu Kasulu waliosoma Bujumbura au Uvira wanaoweza kukufundisha jioni kwa malipo ya kawaida. Nyaraka za Wabelgiji na shajara nyingi za Mapadre Weupe ni za Kifaransa. Mwombaji mwenye Kiswahili, Kiha, Kiingereza na Kifaransa cha kusomea ni adimu, na jambo hilo liandikwe ukurasa wa kwanza, lisifichwe mwishoni mwa wasifu chini ya "lugha".

Sasa kikwazo ambacho wengi hukigundua wakati wamechelewa: fedha nyingi za utafiti hazimfuati mtu, zinapita kwenye taasisi. Ukiwa mwalimu wa sekondari Kibondo au mfanyakazi wa shirika kambini, mfadhili atauliza uko chuo gani. Tafuta mlango. Njia ya kawaida ni kujiandikisha kwa uzamili au uzamivu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, au vyuo vya dini vya kanda yetu. Chuo Huria kinawafaa wanaofanya kazi mbali na jiji. Njia nyingine ni kuomba kuwa mtafiti mshiriki, bila mshahara, chini ya idara fulani, ukiwa na mhadhiri anayekufahamu. Barua moja ya mkuu wa idara, yenye nembo na muhuri, hufungua milango ambayo alama zako za darasani hazitaifungua.

Ukishapata chuo cha kukupokea, anza na fedha ndogo. Nasisitiza ndogo. Kijana asiye na historia ya kusimamia hata fedha kidogo za utafiti akikimbilia mfuko mkubwa, wasomaji wa maandiko huliona pengo hilo mara moja. Nairobi kuna taasisi mbili ambazo mtu wa Kigoma anapaswa kuzifuatilia. Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1960, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za utafiti katika sayansi za jamii na historia. Taasisi ya Ufaransa ya utafiti barani Afrika, IFRA, imekuwa ikisaidia wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa ukanda huu kwenda nyanjani. Fedha zao haziwezi kukujengea nyumba. Zinatosha basi, malazi, mkalimani na kurekodi, na mwisho wa siku unabaki na ripoti yenye jina la taasisi inayojulikana. Kwa walioajiriwa vyuoni, kundi la vyuo vikuu vya Coimbra lina mpango wa watafiti vijana wa Afrika kusini mwa Sahara, ziara fupi ya hadi miezi mitatu katika chuo cha Ulaya. Miezi hiyo inatosha kukaa Brussels na kupiga picha mafaili. Taasisi ya Nordiki ya Afrika, Uppsala, nayo hupokea wageni watafiti kutoka barani.

CODESRIA, yenye makao Dakar tangu 1973, isiachwe. Si ya Ulaya, lakini hufadhili watafiti wa Kiafrika wanaouliza maswali makubwa, na mtu anayeitazama Ulaya akiwa Afrika anaifaa vizuri.

Kuhusu uzamili, nitasema kwa ufupi kwa sababu habari zake zimeenea. Erasmus Mundus hulipa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, ada ya masomo haikuhusu, na madirisha mengi hufunguka kuanzia Oktoba hadi Januari. Soma programu zenyewe kabla ya kuomba. Ile ya uhamiaji iitwayo EMMIR, inayoratibiwa kutoka Oldenburg, imekuwa na Chuo cha Mbarara, Uganda, miongoni mwa washirika wake, na kwa mtu aliyekulia kando ya Nduta inaingiana na swali lake. Chevening ni ya mwaka mmoja Uingereza, inataka saa 2,800 za kazi, na baada ya masomo unarudi nyumbani kwa miaka miwili. DAAD ina mpango wa kusomea humuhumu Afrika, na kwa mtu mwenye familia Kasulu huenda ukafaa kuliko kwenda Ujerumani. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola upo pia. Wote hawa, DAAD, Chevening na Jumuiya ya Madola, hawatozi ada ya maombi. Anayekudai "ada ya kushughulikia" kwa M-Pesa ni mwizi, hata akiwa na nembo ya Umoja wa Ulaya kwenye barua.

Uzamivu ndiyo sehemu watu wa huku huikosa kwa kutojua namna inavyofanya kazi. Ulaya, nafasi nyingi za uzamivu si masomo unayoomba kama tulivyozoea. Ni ajira. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie hutangaza nafasi zenye mshahara na mkataba, ziko wazi kwa uraia wowote, na matangazo yake yako kwenye jukwaa la EURAXESS. Ukiomba, unaomba kazi: barua ya maombi ijibu tangazo lile, si andiko lako la jumla. Nafasi zinazohusu ukoloni, makumbusho na nyaraka zimeongezeka, hasa Ujerumani. Rais Steinmeier aliomba radhi Songea Novemba 2023, na tangu 2019 Kituo cha Ujerumani cha Mali za Utamaduni Zilizopotea kimekuwa kikifadhili utafiti wa asili ya vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Miradi hiyo inahitaji watu wanaojua vitu vilikotoka. Ukikuta makumbusho ya Ulaya yana vitu vya Buha kwenye orodha yake, mwandikie mhifadhi. Barua fupi, yenye namba ya kitu na swali moja la msingi, hujibiwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Baada ya uzamivu, mlango mkubwa ni ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa watafiti wenye uzamivu. Uwe na shahada hiyo tarehe ya mwisho inapofika, usiwe umepita miaka 8 ya utafiti baada yake, na usiwe umeishi katika nchi utakayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Safari hii, kukaa Kasulu ni faida ya kisheria. Florence kuna Chuo Kikuu cha Ulaya chenye programu ya Max Weber kwa wenye uzamivu mpya, na humohumo ndimo zilimo Nyaraka za Kihistoria za Umoja wa Ulaya. Anayetaka kujua Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilivyojadiliana na Kenya, Uganda na Tanzania hadi mkataba wa Arusha wa 1969, akatafute huko. Wakfu wa Alexander von Humboldt na ule wa Gerda Henkel nayo ifuatilieni.

Kuna fedha za aina mbili ambazo hazijawaingia watu akilini, nami naziona nzuri kuliko zote kwa mtu wa Kigoma. Ya kwanza ni mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Hugharimia kuzipiga picha na kuzihifadhi kidijitali nyaraka zinazoharibika, na asili za karatasi hubaki nchini. Madaftari ya ubatizo ya misheni za zamani, mafaili ya mahakama za kienyeji, makabrasha yaliyomo stoo za boma: panya na mchwa hawasubiri mtu amalize uzamivu. Ya pili ni Jean Monnet, mpango wa Umoja wa Ulaya wenyewe wa kufundisha masomo ya Ulaya. Chuo chochote cha elimu ya juu duniani, isipokuwa nchi chache zilizozuiwa, kinaweza kuomba. Moduli moja inataka angalau saa 40 za kufundisha kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Mhadhiri msaidizi akimshawishi mkuu wake wa idara, wanaomba pamoja, na kijana anapata kazi yenye jina lake ndani.

Sasa mambo ya chini, yale yanayomwangusha mtu aliyeshinda.

Pasipoti. Sisi wa mikoa ya mpakani tunajua namna uraia wetu unavyohojiwa: cheti cha kuzaliwa cha baba, barua ya mtendaji wa kijiji, maswali ya babu alitoka wapi, na kitambulisho cha NIDA kinachosubiriwa. Usingoje barua ya ufadhili ndipo uende Uhamiaji. Anza mwaka huu, kabla ya kuomba chochote. Viza ya Schengen inagharimu euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, unatakiwa bima ya afya ya safari ya angalau euro 30,000, na mambo yake yanafanyikia Dar es Salaam. Kwa mtu wa Kibondo hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, kwenda na kurudi, pengine zaidi ya mara moja. Weka yote kwenye bajeti. Mfadhili wa Ulaya hajui Kibondo iko wapi, na asipoelezwa hatakisia.

Kwenye bajeti hiyohiyo, kuna neno moja la kulichunga: posho. Kwetu ni jambo la kawaida, lakini mstari unaosema "posho, shilingi 900,000" unamtia mkaguzi wasiwasi. Eleza. Nauli ya wazee sita kutoka Heru Juu hadi mahali pa mahojiano, chakula cha mchana, malipo ya msaidizi wa utafiti kwa siku, maji. Ni fedha ileile, imesemwa kwa namna inayoeleweka. Uliza pia kama fedha hutolewa mwanzo au hurudishwa ukishatumia, maana zipo ruzuku zinazolipa kwa awamu na kubakiza sehemu hadi ripoti ifike. Mtu asiye na akiba anaweza kushinda ruzuku akashindwa kuianza.

Vibali navyo vina ngazi zake. Chuo chako hukupa barua, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Kigoma mjini, yeye hukuandikia barua ya wilaya, nayo wilaya hukupeleka kwa mtendaji wa kata na kijiji. Ukiwa na mwenzako mgeni, yeye anahitaji kibali cha COSTECH. Ukitaka kuingia Nyarugusu au Nduta, hiyo ni habari nyingine: kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Hesabu miezi, si wiki, na uandike kwenye andiko lako utafanya nini kibali kikichelewa. Wasomaji wa maandiko wanapenda mtu aliyefikiria hilo, kwa kuwa wengi hawalifikirii.

Wadhamini wa barua za mapendekezo waombe wiki sita kabla. Usiwaandikie "Shikamoo Prof, naomba recommendation" ukaishia hapo. Mpelekee kila mmoja andiko, tangazo, tarehe ya mwisho, na mambo mawili au matatu unayotaka ayataje. Prof anasimamia wanafunzi wengi, na barua ya jumla iliyoandikwa usiku wa mwisho hukudhuru kuliko kukosa barua.

Na ukikataliwa, dai maoni ya wasomaji. Mifuko mingi midogo haitoi, lakini Marie Skłodowska-Curie humpelekea kila mwombaji ripoti ya tathmini yenye alama na sababu. Isome na msimamizi wako baada ya hasira kutulia, kisha rekebisha pale walipoonyesha. Angalizo moja: ukipata alama za chini ya kiwango walichoweka, sheria zao hukuzuia kurudi mwaka unaofuata na taasisi ileile iliyokubali kukupokea. Usitume andiko ambalo halijaiva kwa kisingizio cha kujaribu bahati. Kama Agosti imefika na bado unahangaika na aya ya kwanza, acha dirisha la Marie Skłodowska-Curie la Septemba lipite, omba ruzuku ndogo ya Nairobi, nenda kafanye mahojiano Makere, na mwakani urudi ukiwa na matokeo mkononi.